TONE KWA TONE: MAJI NA UBORA WA PEASI

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii tumeiandika katika insha mpaka imechakaa, nasi huitumia aghalabu tukizungumzia pesa za akiba. Leo naiazima kwa kazi nyingine kabisa. Nataka kueleza jinsi maji yanayotolewa tone moja baada ya jingine chini ya mti yanavyoweza kulifanya tunda la peasi liwe tamu, gumu kiasi na la kudumu, au yakitumiwa ovyo, yaliharibu kabisa. Mada hii ilizuka katika somo la Kilimo, pale wenzetu kadhaa waliposhikilia kwamba umwagiliaji wa matone ni wa sukuma wiki na maua tu, ati mti mkubwa hauwezi kushiba matone. Hoja yao haikujibiwa vizuri siku ile kwa sababu kengele ililia. Basi jibu ni hili.

Kwanza tuelewane kuhusu jina, maana hili ni jarida la Chama cha Kiswahili na si la wakulima. Wapo wanaoliita parachichi "pea", na wengine huliita "embe mafuta". Silo ninalolizungumzia. Peasi ni lile tunda lenye kiuno chembamba na makalio mapana, la kijani au manjano, ambalo wauzaji wa kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru huwapungia wasafiri pamoja na matunda damu na viazi. Mti wake ni mpeasi. Huo hupenda baridi. Macho yake hulala wakati wa baridi, na asipopata baridi ya kutosha hayaamki vizuri. Ndiyo sababu hapa kwetu mipeasi hupatikana kwenye nyanda za juu kama Limuru, wala hutauona Malindi.

Je, peasi bora ni lipi? Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Peasi la aina ya Ulaya haliachwi liivie mtini kama embe. Likiachwa huko, huiva kuanzia ndani kuja nje: wewe unaliona ngozi yake bado ngumu, kumbe kati limeshakuwa rojorojo la rangi ya kahawia. Isitoshe, nyama yake hujaa vipunje vigumu ambavyo ukitafuna unadhani mtu amekutilia mchanga mdomoni. Vipunje hivyo ni seli zilizojijenga kuta nene ngumu. Kwa hiyo peasi huchumwa likiwa limekomaa lakini bado gumu, huwekwa mahali pa baridi sana, karibu na nyuzi sifuri za Selsiasi, kisha hutolewa likaiva polepole katika joto la chumbani. Maana yake ni kwamba tunda likishachumwa, hakuna sukari mpya itakayoongezwa na majani. Wanga uliomo utageuka sukari, basi. Kila kitu kizuri lazima kiwe kimeingia kabla ya siku ya kuchuma, na karibu vyote huingia vikibebwa na maji au vikifuatana nayo. Peasi lenyewe ni maji kwa takriban asilimia 84. Sasa unaona kwa nini mwenye maji ndiye mwenye peasi.

Mahali ambapo jambo hili limechunguzwa kwa makini ni bonde la Goulburn, katika jimbo la Victoria, Australia. Huko ndiko hutoka sehemu kubwa ya mapeasi ya nchi hiyo. Mji wake mkubwa ni Shepparton, na pana kiwanda cha kutia matunda mikebeni, SPC, kilichoanzishwa mwaka 1917. Peasi linalopendwa na kiwanda ni Williams, lile ambalo Wamarekani huliita Bartlett. Kiwanda hakitaki mchezo: tunda liwe la ukubwa unaofaa, lisiwe na mchanga, na likipikwa nusu zake zisisambaratike ndani ya mkebe. Mkulima akileta mapeasi madogo, hurudishwa nayo au hulipwa kiduchu. Kwa hiyo ukisikia watu wa huko wakibishana kuhusu maji, elewa kwamba wanabishana kuhusu karo ya watoto wao.

Mvua ya Shepparton ni kama milimita 450 hadi 500 kwa mwaka, na nyingi huanguka wakati wa baridi, mti ukiwa hauna majani. Kiangazi, ambacho kwao ni Desemba hadi Februari, jua huwaka ajabu. Bila maji ya mto Goulburn hakungekuwa na shamba la matunda. Kizuizi cha kugeuza maji ya mto huo kilikamilika mwaka 1891, na kwa miaka mingi wakulima waliyafungulia maji yakatiririka kwenye mifereji na kufurika kati ya mistari ya miti. Shamba lilikuwa bwawa kwa siku moja, kisha likaachwa likauke kwa siku kadhaa, kisha bwawa tena.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tuseme kila mti una eneo la mita 20 za mraba, na mkulima amefurisha milimita 80. Huo mti umepewa lita 1,600 kwa mkupuo mmoja! Udongo wa bonde lile ni mfinyanzi chini ya tabaka jembamba la udongo mwepesi, na maji hayapenyi upesi. Mizizi inakosa hewa. Baada ya siku chache hali ni nzuri, halafu wiki ikipita mti unaanza kuona kiu. Tunda nalo linafuata mkondo huo: leo linavimba, kesho limesimama. Ubaya mwingine ni kwamba maji yanayozama chini ya mizizi hayapotei. Katikati ya miaka ya 1970 mvua zilikuwa nyingi kupita kawaida, maji ya ardhini yakapanda mpaka kwenye mizizi, na miti mingi ya matunda ya eneo hilo ikafa. Ikabidi pampu zichimbiwe za kuyateremsha.

Hapo ndipo matone yalipopata wateja. Umwagiliaji wa matone wa kisasa huhusishwa na mhandisi Simcha Blass wa Israeli. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1930 alionyeshwa mti mmoja ulionawiri kuliko wenzake bila kumwagiliwa, na alipochunguza akakuta bomba linalovuja tone tone karibu na mizizi. Mabomba ya chuma yalikuwa ghali na hayakufaa kazi hiyo; ilibidi asubiri plastiki ienee baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1965 alishirikiana na kibbutz ya Hatzerim, na kampuni ya Netafim ikazaliwa. Kinachofanya kazi ni kitu kidogo sana: ndani ya mpira wa maji huwekwa kidude chenye njia nyembamba ya kupinda-pinda, ambacho huyapunguza maji nguvu hadi yatoke kama lita 2 au 4 kwa saa. Wakulima wetu hukiita dripu tu, na mimi nitakiita hivyo.

Turudi kwenye hesabu yetu. Siku ya Januari yenye jua kali, tuseme milimita 7 za maji zinaruka hewani. Kwa mti wa mita 20 za mraba hizo ni lita 140 hivi. Ukiwa na dripu 8 za lita 4 kwa saa, unapata lita 32 kila saa, na baada ya saa nne na nusu hivi umefidia siku nzima. Kesho unarudia. Kwa hivyo wale waliosema mti mkubwa hauwezi kushiba matone, wamejibiwa na hisabati ya kidato cha kwanza. Mti hushiba. Tofauti ni kwamba hupewa riziki yake ya kila siku badala ya karamu moja na njaa ya wiki.

Lakini ngoja! Kama ingekuwa ni kushiba tu, tungesema mpe mti maji tele kila siku na mambo yaishe. Hapa ndipo utamu wa habari ulipo. Mti wa peasi ukinyweshwa sana tangu mwanzo wa msimu hauongezi matunda, unaongeza matawi. Machipukizi marefu yanapaa juu kama mijeledi, yanayatilia matunda kivuli, na mkulima anatumia pesa kuyakata. Wanasayansi wa kituo cha utafiti cha Tatura, karibu na Shepparton, walijiuliza swali la ujasiri: je, tukiunyima mti maji kwa makusudi kwa muda, nini kitatokea?

Walijua jambo moja muhimu. Tunda la peasi halikui kwa mwendo mmoja. Maua huchanua Septemba. Kwa wiki za kwanza tunda hugawanya seli zake na kuziongeza idadi, lakini kwa macho huoni kitu kikubwa. Ni kijitunda tu. Wakati huohuo machipukizi yanakimbia kwa kasi. Kisha, kuanzia katikati ya Desemba hivi, machipukizi hutulia nalo tunda ndilo linaanza kuvimba upesi hadi linachumwa, Williams likiwa la kwanza mwishoni mwa Januari na Februari. Yaani mti una vipindi viwili: kipindi cha matawi na kipindi cha tunda. Basi wakapunguza maji katika kipindi cha kwanza, wakayarudisha kikamilifu katika kipindi cha pili. P. D. Mitchell, P. H. Jerie na D. J. Chalmers walichapisha matokeo ya mipeasi mwaka 1984. Machipukizi yalipungua sana. Matunda yalichelewa kidogo wakati wa kiu, lakini maji yaliporudi yalikimbia yakafidia, wala mavuno hayakuanguka.

Ajabu, sivyo? Wengi husikia habari hii wakadhani ni uongo wa sungura. Maelezo yake lakini tunayo katika kitabu cha Biolojia, sura ya osimosisi. Mti ukiwa na kiu kidogo, tunda huendelea kupokea sukari kutoka kwenye majani, ila halina maji ya kutosha kuitandaza. Utomvu ndani ya seli unakuwa mzito. Siku maji yanapofunguliwa, seli hizo zenye utomvu mzito huyavuta maji kwa nguvu kuliko kawaida, na tunda linavimba upesi. Ni kama zabibu kavu uliyoitia kwenye chai. Jani na chipukizi haviwezi kurudi nyuma vivyo hivyo. Urefu ambao chipukizi halikuupata Novemba, limeukosa.

Sasa ona dripu inaingia wapi. Jaribio kama hilo haliwezekani kwa mafuriko. Ukifurisha shamba umejaza udongo maji ya siku nyingi, na huwezi kumwambia mfinyanzi arudishe alichomeza. Kwa matone, udongo unaoloweshwa ni kama kitunguu kilichozikwa chini ya kila dripu. Mizizi mingi hukusanyika humo, na ukifunga bomba mti unahisi kiu baada ya siku chache. Ukifungua, unahisi nafuu upesi vilevile. Kwa maoni yangu hii ndiyo faida kuu ya dripu kwenye mipeasi, kuliko hata kule kuokoa maji ambako ndiko kunakosifiwa kila mara. Mkulima anapata mkono wa kufunga na kufungua.

Na ubora wenyewe? Tuuangalie ndani ya tunda. Machipukizi yakipungua, mwanga hufika kwenye majani yaliyo karibu na matunda, na majani hayo ndiyo yanayolisha matunda kwa usanisinuru. Macho yatakayotoa maua ya mwaka ujao nayo hupata jua. Jambo la pili ni kalsiamu, ile iliyomo kwenye chaki na maziwa. Kalsiamu ndiyo saruji ya kuta za seli. Tunda lenye kalsiamu ya kutosha hubaki gumu ghalani na halipatwi upesi na madoa ya kahawia ndani ya nyama. Madini haya husafiri na maji kutoka mizizini, na sehemu kubwa huingia tunda likiwa bado changa. Machipukizi yenye uchu hunyakua maji hayo kwa majani yake mapana, na kalsiamu nayo huenda huko. Kwa hivyo ndugu wawili wanagombea sahani moja, na ukimpunguzia nguvu mlafi, mdogo anakula. Lakini tahadhari: kiu ikizidi kabisa, maji hayatembei, na kalsiamu haifiki kokote. Ndiyo maana wataalamu husema maji yapunguzwe, hawasemi yakatwe.

Kipindi cha mwisho kina hatari zake za pande zote mbili. Mti ukiona kiu wiki chache kabla ya kuchuma, tunda linabaki dogo. Ukilipima kwa refraktomita, kile kidude cha kupimia sukari kwa mwanga, utakuta kipimo chake cha Brix kimepanda, na ukilibonyeza ni gumu. Mlaji wa nyumbani angelifurahia. Kiwanda kitalikataa. Zaidi ya hayo, majani yenye kiu hufunga stomata, tunda hupata joto, na upande unaotazama jua huungua ukawa na doa la kahawia. Upande wa pili, maji yakizidi siku hizo, tunda ni kubwa la kupendeza macho lakini ladha imezimuliwa, nyama ni laini, na ghalani halikai. Ajabu nyingine ndogo: tunda hupungua kidogo mchana jua likiwaka, kisha usiku hujazwa tena. Majani yana nguvu ya kuvuta kuliko tunda, kwa hiyo mchana huliibia. Maji ya kila siku hupunguza msukosuko huo, na ukubwa wa matunda shambani unakaribiana. Wafungashaji hupenda sana jambo hilo.

Tukumbuke pia kwamba dripu haimwagi maji juu ya majani. Ukungu unaoleta madoa meusi kwenye ngozi ya peasi unahitaji unyevu wa majani ili uote. Mvua ikinyesha huna la kufanya, lakini angalau wewe mwenyewe hujamnyweshea adui. Mbolea nayo inaweza kuyeyushwa ndani ya maji na kupelekwa mizizini kidogo kidogo. Hapa wengine hujiharibia: naitrojeni nyingi huamsha machipukizi yale yale tuliyokuwa tunayatuliza, na tunda huwa la kijani, laini na lisilodumu.

Nisije nikaonekana muuzaji wa mabomba. Dripu ina taabu zake. Njia yake ni nyembamba kama uzi, na mchanga, kuvu au chumvi huiziba. Mti mmoja ukakosa maji wiki nzima bila mtu kujua, maana huoni mkondo wa maji ukapotea. Lazima pawe na chujio na mtu wa kutembea akikagua. Chumvi hukusanyika pembezoni mwa ule udongo uliolowa, na pasipokuwa na mvua ya kuisukuma chini, hudhuru mizizi. Na ile mbinu ya kunyima maji haifanyi kazi sawa kila mahali. Kwenye udongo wenye kina kirefu mti hunywa akiba kwa wiki nyingi, kiu inachelewa kufika, na huenda ikafika kipindi kile kibaya cha tunda kuvimba. Mtu akinakili kalenda ya Tatura bila kuuchimba udongo wake atavuna mapeasi kama ndimu.

Ukame mkali ulioikumba kusini mashariki ya Australia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi 2009 ulilitoa jambo hili katika maabara. Mgao wa maji ulipokatwa, mkulima hakuwa tena na hiari ya kufurisha. Swali likawa: lita hizi chache nizitumie mwezi gani? Aliyejua vipindi vya tunda aliweza kubana Oktoba na Novemba ili asibane Januari.

Na sisi je? Huku kwetu mashamba ya maua ya Naivasha yamezoea dripu miaka mingi, na hata bustani ndogo hutumia ndoo ya lita 20 iliyotundikwa kwenye vigingi na mipira miwili mitatu. Mipeasi ya nyanda za juu, kwa upande mwingine, mara nyingi ni miti michache pembeni mwa shamba, inayongoja mvua. Mvua zetu huja mara mbili kwa mwaka, hazifuati kalenda ya Victoria. Kwa hiyo mwenye miti hiyo hawezi kuanza na bomba. Anaanza kwa kufunga utepe mwekundu kwenye matunda kumi hivi, kila wiki anayapima kiuno kwa uzi na rula, na kuandika. Mstari wa grafu ukianza kupanda kwa ghafla, kipindi cha tunda kimefika, na hapo ndipo ndoo zake zina thamani. Kazi hiyo mwanafunzi yeyote anaiweza wakati wa likizo.

Msimu ukiisha, usidhani bomba hufungwa siku ileile peasi la mwisho linapoingia kikapuni. Kule Goulburn, Williams huwa limekwisha kuchumwa Februari, na mapeasi ya Packham's Triumph, aina iliyozalishwa huko huko Australia, yakafuata hadi Machi. Mti bado una majani, nayo bado yanatengeneza akiba ya kulisha maua ya Septemba. Dripu huendelea, kwa saa chache tu, mpaka mvua za baridi zianze na majani yapukutike mwezi wa Mei.